Feni ya Karakana: Kupunguza Kelele Bila Kumnyima Fundi Hewa

Katika wadi ya Sarang'ombe, karakana na chumba cha kulala mara nyingi hutenganishwa na karatasi moja tu ya bati. Upande huu kuna fundi anayechomelea geti, anayeranda mbao au anayechonga mifupa ya ng'ombe kuwa mapambo. Upande wa pili kuna mama anayembembeleza mtoto, mwanafunzi anayesoma, au bawabu aliyetoka lindo la usiku, ambaye saa nne asubuhi ndiyo usiku wake wa manane. Kelele ya grainda na msumeno huudhi, lakini huja ikaondoka. Feni ya kutoa hewa ni jambo jingine. Ikishawashwa asubuhi huunguruma hadi jioni bila kupumzika, na mngurumo wake mzito hupenya bati kwa urahisi kuliko sauti nyembamba.

Jirani akilalamika, suluhu ya haraka huwa ni kuizima feni, au kuziba tundu lake kwa gunia. Kelele huisha papo hapo na ujirani hurudi. Moshi na vumbi hubaki ndani, navyo havina sauti ya kumwamsha mtu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni taasisi ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 kuwa chanzo kilichothibitishwa cha saratani kwa binadamu, na mwaka 2017 likaamua vivyo hivyo kuhusu moshi wa kuchomelea vyuma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe hewa safi inazunguka ya kutosha. Kwa hiyo kuzima feni ni kumhamishia fundi na wanagenzi wake mzigo aliokuwa nao jirani, tena kwenye mapafu.

Somo hili linaeleza jinsi ya kupunguza kelele huku hewa ikiendelea kutoka. Hatua nyingi hazihitaji pesa, zinahitaji spana, kipande cha tyubu ya zamani na saa moja ya kusikiliza kwa makini. Tumezipanga kuanzia za bei nafuu, kwa sababu wengi hukimbilia kununua feni mpya kisha wakaifunga palepale kwenye bati lilelile, na kelele ikarudi.

Sikiliza kabla ya kugusa

Feni moja hutoa kelele za aina tatu au nne kwa wakati mmoja, na dawa ya moja haitibu nyingine. Kuna kelele ya stima ndani ya mota, kuna ya vyuma vilivyolegea au beringi iliyochakaa, kuna ya hewa yenyewe inapokatwa na mabawa, na kuna ile ya ukuta unaotetemeka kwa sababu feni imefungwa juu yake.

Njia rahisi ya kuzitenganisha ni hii. Washa feni, iache ishike kasi, kisha zima swichi ukiwa umetega sikio. Kama kuna mvumo unaokatika ghafla mara tu stima inapokatika, wakati mabawa bado yanazunguka, huo ni wa mota na sumaku yake. Stima ya hapa nchini hubadilika mara 50 kwa sekunde, na sumaku ya mota hutetema mara 100, ndiyo maana mvumo huo ni mzito kama wa nyuki kwenye mzinga. Mara nyingi chanzo huwa kapasita iliyochoka au kidhibiti kasi kisichofaa. Lakini kama kelele inashuka polepole pamoja na mabawa, basi ni ya hewa au ya vyuma. Ukisikia mkwaruzo wakati feni inakaribia kusimama, shuku beringi.

Halafu washa tena, uweke kiganja kwenye bati, mita moja kutoka kwenye feni. Likikusisimua vidole, ukuta wako ni spika. Mwombe mtu asimame upande wa jirani huku wewe ukilibana bati kwa nguvu kwa ubao. Akisema sauti imepungua, umepata mshukiwa mkuu bila kutumia hata shilingi.

Kabla ya kufungua chochote, kata stima kwenye swichi kuu, si kwenye swichi ya ukutani peke yake. Katika nyumba ambazo nyaya zimeungwa na watu mbalimbali kwa miaka mingi, swichi ya ukutani inaweza kukata waya usio wenyewe. Subiri mabawa yasimame kabisa. Kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya stima kukatwa, kwa hiyo kuibadilisha mwachie fundi wa stima.

Sasa usafi. Vumbi likigandamana kwenye mabawa halijipangi sawasawa. Bawa moja huwa zito kuliko jingine, na feni huanza kuyumba kama gurudumu la mkokoteni lililopinda. Yafute mabawa yote, mbele na nyuma. Kaza nati na skrubu za kava, za miguu na za wavu. Kama feni ina belti, angalia isilegee wala isikazwe kupita kiasi. Belti iliyolegea hupiga mluzi feni inapoanza. Beringi za zamani zenye tundu la mafuta hutosheka na matone machache ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hapana, kwani huganda yakawa gundi. Beringi zilizofungwa hazitiwi mafuta, hubadilishwa.

Katika karakana za useremala, usafi huu ufanywe kila wiki. Kwa wachomeleaji, mara moja kwa mwezi huenda ikatosha, lakini macho yako ndiyo kalenda bora.

Bati lisigeuke ngoma

Kwa karakana nyingi za Sarang'ombe, hapa ndipo pana faida kubwa kuliko mahali pengine popote, na ndipo panaposahaulika.

Fikiria nyatiti. Uzi wake ukiuvuta hewani peke yake hauna sauti ya kumfikia hata aliyekaa mbele yako. Ukiufunga kwenye bakuli lake la mbao lenye ngozi, kijiji kizima kinasikia. Uzi haukuongezewa nguvu. Ulichopata ni eneo pana la kusukuma hewa. Feni iliyofungwa moja kwa moja kwenye bati hufanya vivyo hivyo. Mtetemo mdogo wa mota hupita kwenye bolti ukaingia kwenye karatasi nzima ya futi nane, kisha kwenye inayofuata, hadi kwa jirani wa tatu ambaye hata haijui karakana yako iko wapi.

Dawa ya kweli ni kuitenga feni na bati. Isimamishe kwenye fremu yake yenyewe, yenye miguu iliyochimbiwa ardhini na kumwagiwa zege, au kwenye nguzo imara isiyoshikana na ukuta wa jirani. Tundu la bati likatwe kubwa kuliko kava ya feni kwa sentimita mbili hivi kila upande, na mwanya huo uzibwe kwa raba laini. Feni ipite kwenye tundu bila kuligusa. Kama karakana ina ukuta mmoja wa mawe au matofali, huo ndio wa kubebea feni. Ukuta mzito hautikisiki kirahisi.

Ikiwa huna budi kuifunga kwenye bati au kwenye mbao za ukuta, weka raba katikati. Tyubu ya zamani ya gari au ya bodaboda, iliyokatwa vipande na kupangwa tabaka tatu au nne, hufanya kazi nzuri. Lakini raba hii ina siri ambayo mafundi wengi huikosa. Ukiweka raba chini ya mguu wa feni kisha ukapitisha bolti ya chuma hadi kwenye ukuta na kuikaza, mtetemo utapita ndani ya bolti kana kwamba raba haipo. Bolti nayo lazima ivalishwe: washa ya raba juu, washa ya raba chini, na kipande cha mpira wa maji kama soksi pale inapopita kwenye tundu. Kisha usikaze hadi raba ikawa ngumu kama jiwe. Ikiwa haibonyei hata kidogo, haizuii chochote.

Bomba la kutolea hewa nalo lisiunganishwe na feni chuma kwa chuma. Acha nafasi ya sentimita kumi hadi kumi na tano, uifunike kwa kitambaa kizito kilicholegea kidogo na kubanwa kwa klipu pande zote mbili. Kwa seremala, turubai inatosha. Kwa mchomeleaji, tumia ngozi au kitambaa kisichoshika moto, na kikae mbali na cheche.

Bati lililobaki bado likitetemeka, lipigilie mbao za mshazari kwa ndani, au ligandishie vipande vya raba. Bati lililogawanywa sehemu ndogo halivumi kama lile lililo wazi.

Feni inayokosa hewa hupiga kelele

Feni haitengenezi hewa. Inachotoa nje lazima kiingie kutoka mahali pengine. Karakana nyingi hufunga mlango ili kupunguza kelele barabarani au kulinda vifaa, na mabati hayana dirisha. Feni hubaki inavuta pasipo pa kuvuta. Mabawa hukata hewa iliyovurugika, sauti hupanda, na moshi hauondoki. Hapo fundi huona feni ni dhaifu, akanunua kubwa zaidi.

Jaribu kufungua mlango feni ikiwa inafanya kazi. Sauti ikibadilika, au mlango ukivutwa kwa ndani, feni yako ina njaa. Toboa tundu la kuingizia hewa kwenye ukuta wa upande mwingine, chini, lenye eneo lisilopungua mara mbili ya tundu la feni. Lipange ili hewa safi impitie fundi kwanza, kisha kazi yake, kisha feni. Moshi usipite usoni mwake ukielekea nje. Na tundu hilo lisitazame mlango wa jirani, kwa maana pale hewa inapoingilia ndipo sauti inapotokea pia.

Tazama pia kilicho mbele ya mabawa. Kona kali ya bomba iliyo karibu sana na feni huifanya hewa ifike imejisokota, na mabawa huipiga kwa mdundo. Feni yenye mabawa 6 inayozunguka mara 1,400 kwa dakika hupiga hewa mara 140 kila sekunde, na mlio huo ndio unaosikika kama king'ora cha mbali. Acha bomba linyooke kwa umbali wa angalau mara tatu ya upana wake kabla ya kufika kwenye feni. Wavu wa kuzuia vidole usiondolewe kamwe, ila unaweza kusogezwa mbali kidogo na mabawa, alimradi kidole cha mtoto kisifike. Waya uliogusana na mabawa kwa karibu hupiga filimbi.

Kasi, ukubwa na tokeni

Kelele inapimwa kwa desibeli, na hesabu yake si ya kawaida. Feni mbili zenye desibeli 60 kila moja hazitoi 120, hutoa 63. Na ikiwa chombo kimoja kina desibeli 70 na kingine 60, ukikizima kile cha 60 sikio halitaona tofauti. Funzo lake ni kwamba anza na kinachopiga zaidi. Ukipunguza desibeli 10, wengi huhisi kelele imebaki nusu.

Kasi ndiyo inayotawala kelele ya hewa. Ukiipunguza kasi ya feni ileile kwa asilimia 20, hewa inayotoka hupungua kwa asilimia 20, lakini kelele hushuka kwa karibu desibeli 5, na nguvu inayohitajika kuzungusha mabawa hushuka hadi karibu nusu. Hapo tokeni zinaingia. Feni inayovuta wati 370 kwa saa nane hula takriban uniti tatu za stima kwa siku. Ukiipunguza kasi hivyo, inakaribia uniti moja na nusu. Kwa feni ya belti, kazi hii ni ya kubadilisha puli tu: ukitoa puli ya mota ya sentimita 10 ukaweka ya 8, umepunguza kasi kwa asilimia 20. Kwa feni isiyo na belti, nunua yenye swichi ya kasi iliyotoka nayo kiwandani. Kile kidude cha kufifisha taa hakifai. Huifanya mota ivume na kuchemka, na mota iliyochemka kwenye karakana yenye vumbi la mbao ni hatari ya moto.

Kwa anayenunua feni upya, kubwa inayozunguka polepole ni bora kuliko ndogo inayokimbia. Feni ya inchi 18 inaweza kutoa hewa ileile ya feni ya inchi 12 kwa kasi ndogo sana na kelele kidogo zaidi. Ina udhaifu mmoja: haina msukumo wa kupitisha hewa kwenye bomba refu au jembamba. Inafaa ukutani, ikitoa hewa moja kwa moja nje. Penye bomba refu, lipanue bomba; bomba jembamba huipa hewa kasi, na kasi hiyo nayo ni kelele.

Swali linalotangulia yote haya ni hili: je, unahitaji hewa kiasi gani? Wengi hujaribu kuosha hewa ya chumba kizima ilhali moshi unatoka mahali pamoja, kwenye ncha ya kijiti cha kuchomelea au kwenye meno ya msumeno. Weka mdomo wa kunyonya karibu na hapo. Ukiupunguza umbali kwa nusu, hewa inayohitajika kuukamata moshi hushuka hadi karibu robo. Mdomo wa bati uliopanuka kama wa faneli, ulio kwenye mkono unaoweza kusogezwa, sentimita 20 au 30 kutoka kwenye kazi, utakuwezesha kutumia feni ndogo kwa kasi ndogo, na moshi hautapita puani mwako kabla ya kuondoka. Kwa maoni ya mwandishi, hii ndiyo hatua inayomfaa fundi na jirani kwa wakati mmoja kuliko nyingine zote, na bati lake hutengenezwa na fundi yeyote wa jua kali kwa nusu siku.

Sailensa ya hewa

Baada ya hatua hizo, ikiwa bado mvumo unatokea kwenye mdomo wa bomba, tengeneza sailensa. Kanuni yake ni kwamba hewa hukubali kupinda kona, sauti hupenda kunyooka na kumezwa na kitu laini inapogonga.

Kwa bomba la kipenyo cha sentimita 30, tengeneza kasha la bati zito lenye urefu wa mita moja, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 40. Ndani yake, kwenye pande zote nne, panga pamba ya madini ya unene wa sentimita 5, ile inayotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa na kutumiwa kuzuia joto. Ifunike kwa bati lililotobolewa matundu mengi, au kwa wavu wa waya ulioshikilia kitambaa kisichoshika moto, ili nyuzi zisipeperuke. Utabaki na njia ya sentimita 30 kwa 30, kubwa kidogo kuliko bomba, hivyo feni haitabanwa. Ukiongeza kona moja yenye pamba hiyohiyo, utapata zaidi. Vaa barakoa na glavu unapoikata pamba hii, kwani huwasha.

Usiahidiwe miujiza. Kasha la namna hii humeza vizuri sauti nyembamba na za kati. Mngurumo mzito kabisa hutaka kasha refu na pamba nene zaidi, na ndiyo sababu kutenga feni na bati na kupunguza kasi kumetangulia.

Jambo moja halina mjadala: sponji ya godoro isitumike, wala blanketi kuukuu, wala trei za mayai. Sponji hushika moto kwa cheche moja na kutoa moshi wa sumu. Wakazi wa Kibra wanajua jinsi moto unavyovuka kutoka nyumba hadi nyumba pale magari ya zimamoto yasipoweza kupita vichochoroni. Kwa seremala, sailensa iwekwe baada ya mfuko wa kuchujia vumbi, upande wa hewa safi. Ikitangulia, itajaa vumbi la mbao na kuwa kuni zinazosubiri kiberiti. Mota yake nayo iwe ya aina iliyofungwa isiyoingiza vumbi.

Mdomo wa bomba uelekee juu, ujuu kuliko paa lako na la jirani. Ile kofia ya bati inayowekwa juu ya bomba kuzuia mvua huirudisha chini hewa, moshi na sauti, kuelekea madirishani. Badala yake, vika mwisho wa bomba kwa bomba jingine pana kidogo, refu kama mita moja, lililoachwa wazi juu. Matone mengi ya mvua yatagonga ukuta wake na kuchuruzika nje kupitia mwanya ulio kati ya mabomba mawili, na hewa itapanda moja kwa moja. Katika kichochoro chembamba, mdomo unaotazama ukuta wa mbele hurudisha sauti kwako na kwa wote walio kandokando; ukitazama mbinguni, sehemu kubwa ya sauti huenda zake.

Sheria na ujirani

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa, uchafuzi wa kelele na kero nyingine za umma. Viwango vya kelele vimewekwa katika kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA. Kwa maeneo yenye makazi yaliyochanganyika na biashara, kikomo ni desibeli 55 mchana na 35 usiku. Kwa makazi, nje ya nyumba ni 50 mchana na 35 usiku, na ndani ni 45 mchana na 35 usiku. Usiku wa kanuni hizi huanza saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Desibeli 35 ni utulivu wa kusikia saa ya ukutani ikigonga. Hakuna feni ya karakana iliyofungwa kwenye bati itakayofikia hapo kwa jirani wa ukuta mmoja. Kwa hiyo kazi inayohitaji feni ikamilike kabla ya saa mbili, badala ya kuendelea usiku feni ikiwa imezimwa na moshi ukiwa umejaa.

Kwa walio ndani, kanuni za mwaka 2005 za kuzuia kelele mahali pa kazi zinakataza mfanyakazi kukabiliwa na zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane katika siku. Kelele ikizidi 85, mwenye karakana anapaswa kuwa na mpango wa kulinda masikio ya wafanyakazi wake. Feni peke yake ni nadra kufika huko, lakini hujumlishwa na grainda na randa, na mwanagenzi wa miaka 18 aliye na masikio mazima leo hatayarudishiwa akifika 40.

Simu ya mkononi ina programu za kupima kelele. Tarakimu zake zisitegemewe kama ushahidi, kwa sababu kila simu husikia kivyake. Zinafaa kulinganisha: simu ileile, mahali palepale upande wa jirani, saa ileile, kabla na baada ya kila hatua. Andika kwenye daftari tarehe, ulichobadilisha na ulichopima. Pima pia feni ikiwa imezimwa, ujue kelele ya mtaa wenyewe ni kiasi gani. Kando ya barabara yenye matatu na spika za maduka, huenda feni si ya kwanza kwenye orodha.

Mwalike jirani asikilize kabla hujaanza. Yeye ndiye anayejua kama kinachomsumbua ni mvumo, mlio au ukuta unaotetemesha vikombe kabatini, na jibu lake litakuokoa kununua dawa ya ugonjwa mwingine. Muulize saa zake za kulala. Seremala aliye jirani na bawabu anaweza kupanga kupasua mbao mchana na kuacha kupiga msasa kwa mkono na kupaka gundi kwa saa za asubuhi. Kwa upande wake, jirani mwenye kero na aanze kwa fundi, kisha mzee wa mtaa. Wasipoelewana, ofisi ya wadi itaelekeza malalamiko kwa maafisa wa mazingira wa kaunti au kwa NEMA. Mfanyakazi anayelazimishwa kuchomelea ndani feni ikiwa imezimwa ana haki ya kulifikisha jambo hilo kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini.

Na kwa kuwa karakana nyingi ni za kupanga, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kukata bati au kuchimbia miguu ya fremu. Mwonyeshe mchoro wa mahali tundu litakapokaa na jinsi litakavyozibwa siku utakayohama, na mkubaliane kwa maandishi ni nani atakayebaki na fremu hiyo.